Kaka Karudi na Dohani Yake

Huku kwetu nyanda za juu kusini wengi huamini kwamba mtu aliyeishi kwenye theluji hawezi kubabaishwa na baridi ya Njombe. Kauli hiyo nimeisikia kwa madereva, kwa mafundi, hata kwa walimu wenzangu ofisini, na kila ninapoisikia naikanusha. Nilimwona kaka yangu mkubwa, aliyekaa miaka mingi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, akitetemeka sebuleni kwa mama yetu, mjini Makambako mkoani Njombe, na koti la huko akiwa amelivaa. Hakuwa anajidekeza. Umeå mto unaganda, na mwishoni mwa Desemba jua linazama kabla ya saa nane mchana, lakini baridi yote hiyo inaishia mlangoni. Mji una mitambo yake ya kuchemshia maji. Maji ya moto yanasafiri kwenye mabomba chini ya ardhi, yanaingia nyumba kwa nyumba, na ndani watu wanashinda na fulana. Kwetu mambo ni kinyume. Mchana wa Juni ukikaa uani unaota jua na unajisikia vizuri kabisa. Jua likishatua, baridi inaingia ndani, inajaa chini ya bati, na inalala na watu mpaka kesho yake. Makambako ina nyongeza yake, nayo ni upepo. Upepo wa hapa ni mkali kiasi kwamba wawekezaji wameshakuja kuupima kwa nia ya kuzalisha umeme, na sisi tunaoishi nao tunaujua kwa namna unavyogonga milango usiku.

"Mama, humu ndani kuna baridi kuliko nje," kaka alisema asubuhi yake ya kwanza. Mama alicheka. Alidhani ni utani wa mtu aliyetoka Ulaya.

Nyumba hiyo aliijenga baba. Alitoka upande wa Uwemba, nje ya mji wa Njombe, akiwa kijana, akaajiriwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA ulioanza mwaka 1970. Alifanya kazi pamoja na Wachina kwenye kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako, penye mahandaki na madaraja ambayo mpaka leo abiria wa mara ya kwanza husimama dirishani kuyaangalia. Reli ilipokabidhiwa Julai 1976, yeye alikwisha kuwa mtu wa Makambako. Alipata kiwanja, akafyatua matofali, akayachoma, akajenga vyumba vitatu vya bati, na nyuma yake akamjengea mama jiko la nje: kuta za tope, mafiga matatu katikati, na uwazi mpana kati ya ukuta na paa ambamo moshi unatokea. Mle jikoni ndimo tulimokulia. Tulisomea mle kwa mwanga wa moto, tulioga kando yake, na habari zote za ukoo tulizisikia tukiwa kwenye vigoda huku macho yakitiririka machozi ya moshi.

Kaka aliondoka kwenda kusoma, akabaki huko akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa kwa saa. Alirudi mara moja tu, kumzika baba, akakaa muda mfupi akaondoka. Lakini kila Jumapili jioni alipiga simu. Mama alimwambia, "Sisi wazima, baba." Naye akamjibu, "Na mimi mzima, mama." Mama hakumwambia kwamba alianguka akitoka kisimani na kwamba goti halijakaa sawa tangu siku hiyo. Kaka hakumwambia kwamba mgongo ulimharibikia kwa kuinua wagonjwa, wala kwamba kuna msimu mzima wa giza alioumaliza peke yake chumbani, anatoka kwenda kazini na kurudi tu, bila kuongea na mtu. Walipendana kwa kufichana.

Mwanasosholojia Alfred Schütz, Mwaustria aliyehamia Marekani mwaka 1939, aliandika mwaka 1945 juu ya askari waliokuwa wanarejea makwao kutoka vitani. Hoja yake ni kwamba anayerudi hutegemea kukuta nyumba ileile aliyoiacha, na waliobaki hutegemea kumpokea mtu yuleyule aliyeondoka, wakati pande zote mbili zimeishi na kubadilika bila ya mwenzake kuona, na barua za katikati hazitoshi kuziba pengo hilo. Kwetu barua zilikuwa simu za Jumapili. Zilikuwa nyingi, hazikukosa hata wiki moja, na hazikubeba kitu.

Alipoanza kujiandaa kurudi moja kwa moja, kaka alituma fedha za kuongeza sebule na chumba chake upande wa mbele. Alituma na picha: sebule yenye moto wa ukutani. Kitu hicho si kigeni huku; nyumba za zamani za walowezi Njombe na Mufindi zinacho. Fundi aliitazama picha kwenye simu yangu akasema chimni hiyo ataijenga bila shida. Kaka akaagiza madirisha ya alumini yanayobana vizuri, akaagiza dari ya jipsamu, na kwenye kila simu akasisitiza kwamba matundu ya hewa juu ya madirisha yasiwekwe, maana joto lote litatokea humo. Fundi aliuliza mara ya pili. Akajibiwa vilevile. Akajenga bila matundu.

Alifika Juni 2023. Basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, lilimshusha Makambako usiku, upepo ukipeperusha mifuko na vumbi la barabarani. Mama alikuwa amekataa kulala. Alipomwona mlangoni alisema, "Kamwene," naye akaitika, "Kamwene," kwa Kibena cha ujana wake, wakashikana mikono muda mrefu bila kusema kitu kingine. Watoto wangu wakamwamkia, "Shikamoo mjomba," halafu wakakaa mbali wakimtazama viatu.

Kuanzia usiku ule akawa mgeni. Alipewa kiti chenye mto, blanketi zito kuliko yote, sahani ya kwanza, paja la kuku. Akinyanyua ndoo ya maji, watoto wanampokonya. Akisogelea vyombo vichafu, mama anamwambia mtoto wa kiume aliyetoka safari ndefu hawezi kuosha vyombo majirani wanaona. Wahenga waliagiza kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Nyumbani kwetu siku ya tatu ilipita, wiki zikapita, na jembe lilibaki limeegemea ukuta wa jiko. Waliokuja kumsalimia walikunywa chai, wakasifu sebule, halafu mmoja mmoja wakamvuta pembeni: ada ya mtoto, bati za kuezekea, mtaji wa genge. Aliwapa aliowapa. Baadaye akawa akisikia hodi anaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Alijaribu kufanya kazi aliyoijua. Alikuja na mashine ya kupimia presha, na kila asubuhi saa moja kamili anasimama mbele ya mama nayo, daftari mkononi. Mama alivumilia mwanzoni, kisha akaanza kuamka mapema zaidi na kuhamia jikoni kabla saa hiyo haijafika. Siku moja kaka alimfuata hukohuko, akamwambia kwa upole kwamba kwa hali ya goti lile atamsaidia kuoga. Mama alinyamaza, akaniita mimi. Kwetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake mabinti wakiwapo. Jioni kaka aliniambia, "Nimewaogesha mama za watu miaka yote hiyo. Huyu wangu siruhusiwi hata kumshika mkono." Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo yananiuma. Lakini mama naye alikuwa na haki yake ya kuona haya. Sikuwa na neno la kumpa yeyote kati yao.

Julai, baridi ilipokuwa imeshika hasa, kaka akataka sebule ifunguliwe kwa ibada ya shukrani. Lilikuwa wazo jema na sote tulilipokea. Shangazi alipanda gari kutoka Njombe, kilomita kama 60, na kapu la parachichi mapajani. Wanajumuiya walikuja, mchungaji akaja, majirani wa pande zote nne wakaja. Kaka alikuwa amenunua kuni za mkaratusi, zimepasuliwa vizuri, zinanukia. Zilikuwa mbichi. Kuni iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto wa kuni hizo hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo kabla ya kumpa mtu joto. Mama aliziona zinaingizwa ndani akataka kusema, akajizuia, kwa sababu mwenye sebule ndiye aliyezinunua.

Moto uliwashwa saa kumi jioni. Kwa muda mfupi kila kitu kilikwenda sawa. Moshi ulipanda, watu wakasogeza viti, watoto wakanyoosha viganja. Kaka alisimama kando ya moto ule na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ashuke kwenye basi. Halafu upepo ukageuka.

Dohani huvuta moshi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na inapanda. Ili ipande vizuri, dohani isiwe pana kupita kiasi ikapoa, mdomo wake lazima uzidi kilele cha paa, na chumba lazima kiwe na njia ya kuingiza hewa mpya mahali pa ile inayotoka. Yetu ilikuwa pana, ilikuwa fupi kuliko kilele cha paa, na chumba kilikuwa kimebanwa kila upande. Upepo ulipanda paa la zamani, ukaporomokea upande wa pili, ukaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa dohani. Moshi wote ukarudi sebuleni.

Mchungaji alikuwa katikati ya sala. Alijitahidi kuendelea, sauti ikakatika, akakohoa, akaanza tena. Mtoto mchanga akalia. Dari nyeupe ya jipsamu ilibadilika rangi tukiitazama. Shangazi ndiye aliyesimama wa kwanza, akawakusanya watoto kwa kitenge chake, na mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekaribisha watu chakulani, "Twendeni jikoni." Wote wakatoka. Sala ilimaliziwa mle kwenye jiko la tope, watu wamekaa kwenye vigoda, juu ya magunia ya viazi, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine wamesimama mlangoni. Kande ilipakuliwa, chai ikamiminwa, mtu akaanzisha wimbo. Mle nako mlikuwa na moshi, lakini ulikuwa unapanda na kutokea kwenye uwazi wa paa kama ulivyofanya siku zote, na hakuna aliyeulalamikia.

Kaka alibaki sebuleni. Alifungua madirisha, akatoa vijinga kwa chepe kimoja kimoja na kuvimwagia maji uani. Nilipokwenda kumwita alikuwa ameinama mbele ya dohani, macho mekundu. "Nimewajengea chumba cha kukaa pamoja," alisema, "wamekimbilia kulekule." Nikamwambia aje tule. Akasema anakuja. Hakuja.

Usiku ule upepo haukutulia. Wageni walipokwisha kuondoka na sisi tumelala, kaka alitoka, akachukua jiko la mkaa la mama lililokuwa na makaa yaliyobaki kwenye chai, akaongeza mkaa, akangoja uani mpaka ukashika wote na kuacha moshi, akaliingiza chumbani kwake. Akafunga dirisha. Akasokomeza taulo chini ya mlango ili baridi isipite. Kwa fikra zake alikuwa amefanya uangalifu mkubwa: mchana moshi ulimwaibisha, usiku amehakikisha hakuna moshi.

Si yeye tu anayefikiri hivyo. Wapo wengi Njombe, Makambako na Makete wanaoamini kwamba mkaa ukishawiva na kuacha moshi, hauna tena madhara. Imani hiyo inaua watu. Mkaa unaowaka taratibu, mwekundu, usio na moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka bila kubeba kile ambacho mwili unakihitaji. Mtu huanza kuumwa kichwa, anajisikia kichefuchefu na uchovu, anadhani ni kazi ya mchana, anajifunika vizuri zaidi, analala. Moshi wa mafiga hukutesa lakini hukufukuza, unatoka nje ukiwa hai. Gesi hii haimfukuzi mtu.

Aliyemwokoa kaka ni mama, na alimwokoa kwa sababu ya jiko lake. Mama ana utaratibu ambao haujavunjika tangu tulipoanza kutumia mkaa: kabla ya kulala jiko linatolewa nje, linawekwa chini ya mparachichi, majivu yanafunikwa. Usiku wa manane alitoka na tochi kwenda chooni, akamulika pale chini ya mti, hakuliona. Akaja kuniamsha. "Jiko langu liko wapi?" Nilidhani ni mwizi. Mama hakuwaza mwizi hata kidogo. Aligeukia mlango wa kaka, akaupiga kofi, akaita jina lake la utotoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Akachukua mchi wa kinu. Mwanamke mwenye goti bovu aliupiga mlango ule mpya mpaka kitasa kikaachia.

Kaka alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amejaribu kuinuka, miguu ikakataa. Tulimburuta mpaka uani, tukamlaza ubavu kwenye upepo. Akatapika. Alipofungua macho akaanza kuongea Kiswidi, haraka haraka, kama anayemweleza mtu wa kazini jambo la dharura. Mama alikuwa amekipakata kichwa chake, anamjibu kwa Kibena. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na hawakuacha kuongea mpaka gari la jirani lilipoingia.

Hospitali walimwekea oksijeni mpaka kulipokucha. Daktari alituambia kwamba kila msimu wa baridi wanapokea watu wa jiko la mkaa, na wengine huletwa wakiwa wameshachelewa. Akauliza kama chumba kina matundu ya hewa. Kaka mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Niliyakataza."

Nimelifikiria jibu hilo sana, na sikubali mtu amlaumu kwa hilo. Kule alikoishi, kuziba nyufa za nyumba ni akili na ni uungwana: joto linaletwa kwa maji ya moto, hakuna kinachoungua chumbani, na hewa inabadilishwa kwa mitambo. Kwetu, wengi wamewasha mkaa ndani kwa miaka na kupona kwa sababu kuta zetu zina nyufa na paa zetu zina uwazi. Kila upande ulikuwa na nusu ya elimu. Yeye hakujua mkaa unafanya nini kwenye chumba kisichopumua, kwa sababu alipoondoka nyumba yetu ilikuwa na mafiga ya kuni tu. Mkaa tulianza kuutumia yeye akiwa hayupo. Sisi hatukujua kuziba kunabadilisha nini, kwa sababu hatujawahi kuishi kwenye nyumba iliyozibwa. Nusu hizo mbili zilikutana usiku, chumbani, bila mtu kuzijulisha.

Aliporudi nyumbani mama alimketisha jikoni, kwenye kigoda. "Kwa nini hukuniambia unasikia baridi?"

"Nilikwambia, mama. Siku ya kwanza. Ulicheka."

Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akavuta kitenge, akamwonesha goti. Akamweleza kisima, akamweleza uji aliokuwa anaupika amekaa kwa kushindwa kusimama. Kaka naye akaanza kueleza: mgongo, chumba, msimu wa giza. Watoto walipokuja kutaka chakula niliwarudisha uani. Mazungumzo yale yalichukua mchana wote, na simu zote za Jumapili zikiunganishwa hazifiki robo yake.

Baada ya hapo mama akampa jembe. Alimtuma Uwemba kwenye shamba la baba kuvuna viazi, akiwa na vijana wawili wa shangazi. Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh Oktoba 1952, akiwa msomi wa shahada, alikwenda kwao Butiama na kujijengea nyumba ya matofali ya udongo kabla ya kumwoa Maria Januari 1953. Sijui alijisikiaje siku zile, lakini najua kaka alivyorudi kutoka Uwemba: mgongo unamuuma, ngozi ya viganja imechubuka, na usiku alilala bila kuuliza habari za baridi.

Huko shambani kulikuwa na kisa kingine. Wanunuzi wa viazi huja na lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu likapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kaka alileta mizani. Dalali wa kwanza akaondoka, wa pili naye akaondoka. Shangazi akamwambia, "Sheria iko Dodoma, lori liko hapa." Kaka hakusogea. Mwishowe alipatikana mnunuzi aliyekubali kupima kwa kilo, akachukua nusu ya mavuno. Nusu iliyobaki tuliiweka iwe ya mbegu na ya kula. Fedha zilipungua mwaka ule, na nyumba iliziona zilivyopungua. Hata hivyo nasema wazi: kaka alikuwa sahihi. Kila msimu mkulima wa Njombe anawapa wanunuzi viazi bure, na sisi tuliobaki hapa tumelizoea jambo hilo kiasi cha kuliona halali. Ilihitajika mtu aliyekaa mbali ili akasirike.

Agosti alimrudia fundi. Walipandisha dohani ikazidi kilele cha paa, wakaubana mdomo wake kwa ndani, wakaufunika juu upepo usishuke, wakatoboa matundu ya hewa sebuleni na chumbani. Inafanya kazi sasa, kwa kuni za mwati zilizokauka msimu mzima. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa jiko la mama. Alilijenga upya kwa matofali, akaacha uwazi wa paa kama wa baba, akaweka jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, na kuizunguka nafasi yote akajenga mabenchi ya kukalia watu. Ndimo tunamokaa jioni. Ndimo mama anamokubali kupimwa presha, kaka akimshika mkono muda wote mashine inapohesabu.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho ya mama yalivyoharibiwa na moshi. Ila naomba wanaoutekeleza waje Njombe, Makete na Makambako mwezi wa Julai. Huku moto haupiki tu. Mtungi wa gesi utaivisha kande na kuzimwa, na baada ya hapo chumba kitabaki na nyuzi zilezile za usiku, na watu waliouza jiko la kuni watarudi kwenye mkaa, safari hii ndani, mlango umefungwa. Nyumba za nyanda za juu zinahitaji joto salama, zinahitaji dari, zinahitaji dohani zilizopimwa na mafundi waliofundishwa kuzijenga.

Na wewe unayempokea ndugu kutoka ng'ambo msimu wa baridi, usisubiri Jumapili. Akisema anasikia baridi, mwamini. Mpe jembe siku ya tatu, mpe kigoda jikoni, mweleze goti la mama limefikia wapi. Kisha mtembeze nyumba nzima, mwoneshe matundu ya hewa yalipo na umwambie hayazibwi, na usiku usipande kitandani kabla hujalitoa jiko la mkaa nje kwa mkono wako mwenyewe.